Mvua haiandikaka kartasi: historia ya askari mgonjwa wa viungo mbele ya leta

Leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea, hata kama mnajua njo kazi niliyosomea. Nataka tuongee historia, na swali lenyewe ni fupi: askari akigonjwa kisha kutoka jeshini, nani anapashwa kuhakikisha kama ugonjwa ulitoka kule? Yeye, ao leta?

Aliyekatwa mguu hana shida hiyo. Kila mtu anaona. Lakini mwingine anatoka jeshini na mikono miwili na miguu miwili, anarudi nyumbani, anaoa, analima. Miaka inapita. Asubuhi moja vidole vimevimba, havikunjuki, hata kifungo cha shati hakifungiki. Hana risasi ya kuonyesha wala kovu. Hapo njo matata inaanza.

Nimechagua Marekani kwa sababu kule wamegombana juu ya jambo hili zaidi ya miaka 160, na waligombana kwa maandishi. Sheria, dosie za waganga na hukumu za tribinali vimebaki. Kwa hiyo tunaweza kufuata, hatua kwa hatua, namna mzigo wa kuhakikisha ulivyohama kutoka bega moja kwenda bega lingine.

Ugonjwa wenyewe

Kwa Kiswahili cha vitabu ni baridi yabisi. Kwetu mtaani tunasema rimatisimu. Lakini ndani ya jina hilo moja kuna magonjwa mengi. Kuna viungo vilivyochoka juu ya uzee na kazi nzito. Kuna kiungo kilichoumia zamani na hakikupona vizuri. Na kuna ile waganga wanaita poliatriti: kinga ya mwili, ile inapashwa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Mara nyingi inaanza na viungo vidogo vya mikono na miguu, pande mbili pamoja. Asubuhi mtu amekakamaa kwa muda mrefu. Anachoka, anakonda, damu inapunguka. Kisha ugonjwa unaweza kutulia, halafu unarudi. Bila dawa unakula mfupa, na vidole vinapinda.

Alfred Baring Garrod, munganga wa London, njo aliipa poliatriti jina lake la Kiingereza mwaka 1859, miaka miwili mbele ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanza Marekani. Lakini kuwa na jina si kuwa na kipimo. Ndani ya makambi ya vita ile, aliyeumwa viungo aliandikwa "rumatisimu", na mambo yaliishia hapo.

Sisi wa agronomia tunajua shida ya namna hii. Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuonekana mzuri juu, na majani ya kijani kabisa. Mkulima anachimba, anakuta mizizi imeoza. Virusi viliingia zamani, pengine vilikuwa tayari ndani ya kijiti alichopanda. Muulize huyo mkulima ugonjwa uliingia tarehe gani. Atakujibu nini?

Dola 8 kwa mwezi

Tarehe 14 mwezi wa saba 1862, vita ikiwa bado moto, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya pensheni. Askari wa kawaida wa jeshi la Kaskazini, akishindwa kazi kabisa, alipashwa kupata dola 8 kwa mwezi. Wakubwa wa jeshi walipata zaidi. Sheria hiyo haikutaja jeraha tu. Ilitaja na ugonjwa, lakini sharti ugonjwa uwe ulipatikana kazini.

Sharti hilo njo lilikuwa mlango mwembamba. Askari alitafuta ushahidi wa mkubwa wake ao wa wenzake waliomuona akigonjwa. Kisha alipimwa na waganga waliochaguliwa na ofisi ya pensheni. Kisha makarani wa Washington walilinganisha maneno yake na vitabu vya jeshi. Kitabu kikinyamaza, mgonjwa alipashwa kuongea mara mbili.

Rumatisimu ilikuwa kati ya magonjwa yaliyotajwa sana ndani ya dosie hizo. Si ajabu: watu walilala kwenye udongo uliolowa, walitembea ndani ya mvua, walikula vibaya miaka. Lakini karani aliweza kuuliza: haukuugua mbele ya vita? Si kazi ya shamba iliyokuharibu? Si uzee?

Hapa tuseme ukweli wa sayansi. Mvua peke yake haileti poliatriti. Leo tunajua inatokana na mchanganyiko: kile mtu amerithi, na kile amekutana nacho maishani. Moshi wa tumbaku unaongeza hatari, na vumbi la mawe lenye silika pia. Lakini hata leo, munganga mzuri kabisa hawezi kumshika mtu mmoja mkono na kusema kwa uhakika wote: wako ulitoka hapa, siku hii. Anaongea kwa uwezekano. Njo maana swali la nani anabeba mashaka si swali la munganga peke yake. Ni swali la haki.

Asiye na kartasi

Askari Weusi karibu 180,000 walipigana upande wa Kaskazini. Wengi walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Sheria ya 1862 haikuwatenga juu ya rangi. Kwa maandishi walikuwa sawa na Wazungu.

Sasa waza mtu huyo mbele ya karani. Alizaliwa wapi? Kwenye shamba la bwana wake. Lini? Hakuna aliyeandika kwa ajili yake. Jina? Jeshini aliandikwa na jina la bwana, kisha vita akachukua jina alilopenda mwenyewe, na sasa kuna watu wawili ndani ya dosie moja. Ndoa? Sheria za utumwa hazikuitambua. Mwaka 1864 Bunge lilibadilisha kidogo: mjane wa askari Mweusi aliruhusiwa kuomba hata bila cheti, akionyesha kama waliishi kama mume na mke. Lakini kwa ugonjwa, kartasi ya hospitali ya kambi iliendelea kuulizwa. Ofisi ilituma wapelelezi vijijini kuhoji majirani: unamjua? alikuwa anachechemea tangu lini? Wanahistoria waliopitia dosie hizo wameona kama maombi ya Weusi yalikubaliwa mara chache kuliko ya Wazungu.

Tuchukue Harriet Tubman. Wengi tunamjua kwa kuwatorosha watumwa. Lakini vitani alitumikia jeshi la Kaskazini kama muuguzi na mpelelezi. Alidai haki yake miaka na miaka. Mwaka 1895 alipata dola 8 kwa mwezi, tena kama mjane wa askari, Nelson Davis, si juu ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1899 njo Bunge lilipandisha hadi dola 20, kwa kukumbuka kazi yake ya uuguzi. Vita ilikuwa imeisha miaka 34.

Kumbukeni kitu hicho: sheria haikubagua, lakini kartasi ilibagua. Anayekosa kartasi si kila mara mwongo. Mara nyingi ni yule leta yenyewe haikumuandika.

1890: swali linaondolewa

Tarehe 27 mwezi wa sita 1890 sheria mpya ilipita. Askari aliyetumika siku 90 na kuachishwa kwa heshima, akiwa hawezi tena kazi ya mikono, alipata kati ya dola 6 na 12 kwa mwezi. Hakuulizwa tena ugonjwa ulitoka wapi. Sharti lilikuwa tu usiwe umetoka kwa tabia mbaya yake mwenyewe.

Ona walichofanya. Hawakutatua lile swali gumu. Waliliondoa mezani. Kwa mzee aliyepinda vidole, hii ilikuwa nafuu kubwa, hata kama pesa haikuwa nyingi.

Bei yake ilionekana haraka. Mwaka 1893 waliolipwa walikaribia milioni 1, na pensheni zilikula karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali kuu. Makelele yalikuwa mengi. Rais Grover Cleveland alikuwa amekataa sheria inayofanana mwaka 1887, na alikataa mamia ya pensheni za mtu mmoja mmoja zilizopitishwa na Bunge. Walioandika kama kuna wadanganyifu hawakukosea kabisa, wadanganyifu walikuwako. Na tusisahau: askari wa Kusini, upande ulioshindwa, hawakupata hata senti ya pensheni hiyo.

Mimi naona shauri linabaki hili: leta itakosea kwa vyovyote. Itamlipa mtu asiyestahili, ao itamnyima anayestahili. Kosa la kwanza linagawanywa kati ya walipa kodi wote, kila mmoja kidogo. Kosa la pili linamwangukia mtu mmoja, mgonjwa, maskini, asiye na avoka. Makosa hayo mawili hayana uzito mmoja.

Wazo la "tuchukulie"

Kisha vita ya kwanza ya dunia walijaribu njia nyingine. Mwaka 1921 sheria ilisema: askari akipatikana na kifua kikuu ao ugonjwa wa akili ndani ya miaka miwili kisha kutoka jeshini, tuchukulie ulitoka jeshini. Hapashwi kuhakikisha, leta ikikataa, yenyewe njo ihakikishe. Mwaka 1924 njia hiyo ilipanuliwa. Halafu mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kubana matumizi iliyokata pensheni nyingi, na mambo mengi ya "tuchukulie" yaliondoka nayo. Haki iliyopatikana kwa sheria inaweza kuondoka kwa sheria.

Wakati huo sayansi ilikuwa inasonga. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway alionyesha kitu fulani ndani ya damu ya wagonjwa wa poliatriti, na hapo njo kipimo cha damu kilianzia. Philip Hench, munganga Mmarekani, wakati wa vita ya pili aliongoza kituo cha jeshi cha magonjwa ya viungo. Mwaka 1948, akiwa amerudi Mayo Clinic, yeye na wenzake walimpa mwanamke mmoja mwenye poliatriti dawa ya kortizoni, na mgonjwa aliyekuwa hatembei vizuri akaanza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipata tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Baadaye walitambua kama kortizoni haiponyeshi, na ina madhara yake. Lakini mgonjwa sasa alikuwa na jina, kipimo na dawa.

Na leta ilimpa namba. Ndani ya jedwali la ulemavu la 1945, poliatriti ilipewa namba 5002, na ngazi nne: asilimia 20, 40, 60 na 100. Ukishikwa vikali mara moja ao mbili kwa mwaka, ni 20. Mara tatu, 40. Mara nne ao zaidi, ama ukikonda na kukosa damu mpaka afya inaharibika vibaya, 60. Ukishindwa kabisa, 100. Mwaka 2021 jedwali lilirekebishwa na jina likapanuliwa, lakini namba 5002 imebaki. Unaweza kucheka kuona maumivu yakihesabiwa kama magunia ya mahindi. Mimi sicheki sana. Mahali hakuna namba, kila karani anapima kwa moyo wake.

Na mlango wa kuingia? Ugonjwa wa viungo ukionekana kwa kiasi cha kutosha ndani ya mwaka mmoja kisha kutoka jeshini, leta inachukulia ulitoka jeshini. Kisha mwaka huo, mgonjwa anatafuta vitu vitatu: ugonjwa wenyewe uandikwe na munganga, jambo lililotokea jeshini, na munganga wa kusema kama viwili hivyo vinashikana. Munganga haombwi uhakika. Anaombwa aseme tu kama uwezekano unafika angalau nusu kwa nusu. Shida ni kwamba poliatriti haina haraka. Inaweza kuja miaka kumi baadaye. Hata sheria ya 2022 juu ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka jeshini, iliyofungulia wagonjwa wengi mlango, haikuitaja ndani ya orodha yake.

Moto wa St. Louis

Tarehe 12 mwezi wa saba 1973, moto ulishika jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis. Dosie kati ya milioni 16 na 18 ziliungua. Karibu asilimia 80 ya dosie za jeshi la nchi kavu, za watu waliotoka kati ya 1912 na 1960, zilipotea. Hakukuwa nakala.

Sasa Mzungu na Mweusi, mkubwa na mdogo, wote walikuwa kama yule mtumwa wa zamani mbele ya karani: bila kartasi. Na nani anapashwa kulipa moto huo? Jengo lilikuwa la leta. Jibu lilichukua muda. Mpaka 1988 sheria ilizuia tribinali kuangalia maamuzi ya ofisi hiyo, na avoka hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya dola 10, kiasi kilichowekwa wakati wa vita ya Lincoln. Mwaka 1988 Bunge liliunda tribinali ya maveterani. Mwaka 1990, katika kesi ya Gilbert, tribinali ilieleza kanuni vizuri: ushahidi wa pande mbili ukilingana kwenye mizani, askari njo anashinda. Mwaka 1991, katika kesi ya O'Hare, ikaongeza: dosie ikiwa ilipotea mikononi mwa leta, leta inapashwa kujieleza zaidi na kuangalia kwa makini zaidi kama mashaka yamfaidishe askari. Barua za zamani na ushuhuda wa wenzake vinaingia mahali pa dosie iliyoungua.

Toka 1862 mpaka hapo ni karibu miaka 130. Mzigo ulihama, lakini haukuhama wenyewe.

Na sisi?

Kongo haikukosa askari. Force Publique ilichukua Tabora mwezi wa tisa 1916, nyuma yake wapagazi wengi sana waliobeba chakula na risasi kwa kichwa. Vita ya pili, hospitali ya kambi kutoka Kongo ilifika mpaka Burma, kwenye mvua ya kule. Mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika medali mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, pale Kinshasa. Ni heshima, sikatai. Lakini medali inatambua shingo. Goti nani atalitambua?

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa askari wakati wa Zaire. Vidole vyake vimepinda leo mpaka kikombe anakishika na mikono miwili. Siku moja nilimsindikiza kwenye ofisi moja. Walimuuliza kartasi ya hospitali ya kambi, ile ya miaka ya themanini. Tukiwa njiani kurudi akaniambia: "Mwana wa dada, bananiuliza kartasi ya mahali nililala. Mvua haiandikaka kartasi." Sikuwa na jibu. Hata sijui kama ni poliatriti. Mpaka sasa hakuna aliyempima damu.

Hatuna pesa ya Marekani, hiyo tunajua. Lakini kanuni ya mizani haiombi bajeti kubwa. Inaomba leta ikubali kama kartasi ikikosekana juu ya leta yenyewe, mgonjwa asilipe kosa hilo. Wale wa droo ndani ya chama chetu, hapa kuna kazi ya memwari: sheria zetu juu ya askari waliogonjwa zinasema nini juu ya nani anahakikisha? Someni maandishi yenyewe, siyo yale tunasikia kwenye taksi.

Na kwa sisi wengine kuna kazi ya kalamu. Kila mmoja hapa ana baba, mjomba ao kaka aliyevaa inifomu, na mashariki vijana bado wanalala kwenye tope usiku wa leo. Chukua kartasi. Andika jina lake lote, na lile jina lingine aliloandikwa nalo. Andika kikosi, kambi, miaka. Andika ugonjwa ulianza lini, nani alimtunza. Tafuta wenzake wawili waliomuona, watie sahihi ao kidole wakiwa bado hai. Piga fotokopi ya fishi ya kituo cha afya na uitunze nyumba mbili tofauti; St. Louis imetufundisha. Munganga akiandika "rimatisimu" tu, mwombe kwa heshima aandike viungo gani, pande ngapi, tangu mwezi gani.

Wale askari Weusi wa 1865 walishinda dosie zao, wale walioshinda, kwa sababu mtu aliyejua kuandika alikaa karibu yao na kuandika walichosema. Sisi tumesoma mpaka lisansi. Kuandika tunajua.